Kanilipie deni langu sokoni Valencia

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Muheza hatujambo. Baba yako goti limetulia, anapanda baiskeli tena ingawa nimemkataza. Joto la mwezi huu halisemeki, na mdogo wako ananicheka tangu niliposhika kalamu: "Mama, si umtumie tu sauti?" Sauti nazijua. Unaisikiliza huku unakimbilia tramu, unajibu "sawa mama", imeisha hiyo. Barua utaisoma umekaa.

Nina la kukuagiza. Nimeacha deni Valencia. Usishtuke, ni senti themanini za euro, anazonidai mama mmoja muuza karanga pale Soko Kuu. Ramadhani iko mlangoni na sitaki kuuingia mwezi mtukufu na senti za watu shingoni. Kukutumia kwa simu haifai, makato yatazidi deni lenyewe. Toa zako, mimi nitazikata kwenye zile ulizokopa kununulia koti.

Sasa nikisema tu "nenda sokoni", utapanda basi, utamlipa, utarudi. Nataka uende kwa miguu, kwa njia niliyopita mimi. Kila jioni ulikuwa ukiniuliza, "Mama, umeshindaje?" nami nakujibu, "Nimetembea kidogo." Sikutaka kukutia wasiwasi. Sasa niko kwangu, huwezi kunifungia mlango, nakusimulia.

Siku ya kwanza nilikutii. Ulitoka saa mbili asubuhi, ukaniambia nisiende mbali nitapotea, nikakaa Benimaclet kwenye chumba chako nikihesabu nyufa za ukuta. Siku ya pili nikajifunga mtandio, nikatwaa kikapu changu cha ukili, nikatoka. Mwalimu akishastaafu haachi kusoma. Ramani nilikuwa nimeichora kwenye daftari kabla sijapanda ndege.

Hatua chache kutoka mlangoni kwako kuna msururu wa michungwa kando ya barabara. Matunda yamejaa, mengine yameanguka, watu wanayaruka kama mawe. Nikasema hawa watu wana neema gani hii ya kupuuza riziki! Nikaokota moja lililo safi, nikalimenya kwa kucha, nikatia kinywani. Mwanangu, ulimi uligeuka ukanipiga. Kumbe ni madanzi! Mji mzima umepandwa midanzi kwa ajili ya kivuli na harufu ya maua, na mimi niliyezaliwa chini ya mchungwa, mwenye shamba lake Muheza, nikadanganywa na rangi. Kijana mmoja akaniona nakunja uso akacheka hadi akashuka kwenye baiskeli. Nikacheka naye.

Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia simu ile ya mwanzo, kwamba machungwa tunayoyaita valensia huku kwetu, yale ya kuchelewa kuiva tunayoyatenga na msasa, hayakutoka Valencia. Jina la mji huu walipewa tu huko California karne ya 19. Babu yako alikufa akiamini amepanda mti wa Kihispania. Nimeamua hatuna haja ya kumfukulia habari hiyo.

Endelea mbele, pita bustani za Viveros, utafika daraja la Trinidad. Simama katikati, chungulia chini. Daraja la mawe, nene, lina mamia ya miaka, na chini hakuna tone la mto. Kuna watoto wanacheza mpira, kuna mitende, kuna wazee wanatembeza mbwa. Nilidhani kiangazi kimeukausha. Sivyo. Oktoba 14, 1957, mto Turia ulifurika ukaingia mjini ukaua watu, na baada ya hapo serikali ikauchimbia njia mpya kusini, mbali na mji. Mkondo wa zamani ukabaki mtupu. Wakubwa walitaka kupitisha barabara ya magari humo, wananchi wakakataa, wakasema kitanda cha mto ni chao na wanakitaka kijani. Leo ni bustani ya kilomita kama tisa katikati ya mji. Unaishi karibu nayo mwaka wa pili sasa na ulikiri mwenyewe hujawahi kuitembea mwanzo hadi mwisho.

Nilikaa kwenye ukuta wa daraja lile muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nakumbuka Oktoba 29, 2024. Ulikuwa una wiki chache tu tangu ufike. Tuliona kwenye televisheni magari yamepandana kama viberiti, matope yamefika mlango wa juu, baba yako anapiga simu haipokelewi. Wewe ulikuwa salama, mji wenyewe haukuzama, kwa sababu ya ule mkondo mpya. Lakini vijiji vya kusini, upande wa pili wa mkondo, ndivyo vilivyobeba, na mkoa ule ulizika watu zaidi ya mia mbili. Nililijua hilo kwa kusoma. Kulijua nikiwa juu ya daraja lisilo na mto ni kitu kingine. Niliwaombea dua, nikainuka.

Panga ufike kwenye kanisa kuu siku ya Alhamisi, saa sita mchana kabla ya kengele, mlango unaoitwa wa Mitume. Mimi niliangukia tu. Niliona watu wamejazana nje ya kizuizi cha chuma, nikadhani ni maziko. Wakatoka wazee wanane wamevaa majoho meusi, wakaketi kwenye viti vya mbao vilivyopangwa duara. Hao ni mahakimu wa maji. Kila mmoja amechaguliwa na wakulima wa mfereji wake, na wao wenyewe ni wakulima. Mwito unatolewa mfereji mmoja baada ya mwingine: kuna mwenye kushtakiwa wa mfereji fulani? Kimya. Wa mfereji mwingine? Kimya. Baada ya dakika chache wakainuka wakaondoka. Watalii walikatishwa tamaa. Mimi nilifurahi: wiki nzima hakuna aliyeiba maji ya mwenzake!

Hukumu zao ni za mdomo tu, na shauri linakwisha palepale. Asili yake inarudishwa zama za Waislamu, waliokaa huko mamia ya miaka na kuuita mji Balansiya, hadi mwaka 1238. Na yule mwenye kuita mashauri anaitwa alguacil. Litamke polepole. Al-wazir. Ni waziri wetu huyo, kashushwa cheo mpaka kuita washtakiwa. Nilitamani wazee wa ndiva kule Upare, wanaogawana maji ya bwawa kwa zamu, wangekuwa wamekaa nami pale wakatoa maoni.

Ukiliacha kanisa, shika magharibi uingie mitaa ya El Carmen. Hapo usiwe na haraka. Vichochoro ni vyembamba, ukinyoosha mikono kuna pahali utagusa kuta zote mbili, na mimi nilijiona niko Mji Mkongwe isipokuwa hakuna mlango wa nakshi. Ni mtaa uliozeeka vibaya, ukaachwa, nyumba zikaporomoka, vikabaki viwanja vitupu na kuta ndefu za pembeni zisizo na madirisha. Wachoraji wakazikuta. Wengine waliomba ruhusa, wengine hawakuomba. Sasa kuta hizo zinazungumza.

Nilikuwa na chuki na michoro ya ukutani, unajua. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilichapa watoto kwa mkaa walioupaka choo cha shule. Kwa hiyo nilianza kwa kununa. Kilichonilegeza ni kininja kidogo cheusi, kimechorwa pembeni ya mlango wa duka uliofungwa, chenye macho tu, kimekaa kama mtoto aliyejificha asiitwe kuoga. Nikageuka kona, kipo kingine. Nikaanza kukitafuta. Kumbe ni kazi ya mtu mmoja anayejiita David de Limón, kavisambaza mji mzima. Basi saa moja nzima mama yako, na miaka yake sitini na mbili, alikuwa akicheza kombolela na ukuta.

Halafu kuna wasichana wa Julieta XLF, rangi za kupasuka, macho wameyafumba kama walioonja kitu kitamu, majani na ndege wamewazunguka. Na kuna za Deih, watu wa anga na mashine, hizo sikuzielewa nikazipita. Aliyenikalisha chini ni Escif. Huyo hapendi rangi. Anachora mtu mmoja, kitu kimoja, kwa mistari michache, na ukuta mkubwa uliobaki anauacha mtupu. Ni kama kanga: picha kidogo, halafu jina ndilo linalokuchoma ukiwa umeshampita aliyeivaa. Na si bure nasema kanga. Mwaka 2020 huyuhuyu ndiye aliyebuni sanamu kubwa ya manispaa kwa ajili ya sikukuu yao ya Fallas, ile ya mwezi wa tatu wanayotengeneza masanamu makubwa kisha wakayachoma moto. Alimweka mwanamke ametulia anatafakari, akaiita kwa Kivalensia "Hili nalo litapita". Alikuwa hajui. Korona ikaingia, sikukuu ikaahirishwa, na yule mwanamke akavishwa barakoa. Lile jina lingeuza doti ngapi Tanga mwaka ule!

Mwingine ambaye ukuta wake utaupata huko ni Hyuro. Alikuwa mama wa Kiargentina aliyeishi Valencia, akafariki mwaka 2020. Wanawake wake wamevaa magauni ya kawaida, ya nyumbani, wanafanya kazi za nyumbani, na mara nyingi huoni sura zao. Sikujua lolote juu yake nilipousimamia ukuta wake. Nilidhani tu: huyu aliyechora anajua kufua.

Pita pia barabara ya Museo ukaone nyumba ya paka. Ni kijumba kilichotengenezwa ukutani, kina paa, kina kimlango cha paka kupita, na maandishi ya kuwakumbuka paka wanne waliobaki mtaani mwaka 1094. Mzaha mtupu, lakini umetunzwa kuliko ofisi ya kata yetu.

Mitaa hiyo ukiirudia siku nyingine asubuhi, itakuwa imefika saa nne, na hapo ndipo utakapogundua hawa watu ni ndugu zetu. Wana chai ya saa nne! Wao wanaiita esmorzaret. Fundi, karani, mwenye duka, wote wanaacha kazi wanaingia kahawani, unaletwa mkate mrefu uliojazwa hadi hauumiki, na kisahani cha zeituni na karanga kabla hata hujaagiza. Nilichukua wa kimanda cha viazi, nikakataa nyama kwa kutikisa kidole. Wanamalizia na kahawa iliyochomwa pombe hadi ikawaka. Hiyo niliitazama tu ikiwaka, inapendeza kwa macho. Meza ya jirani walikuwa mafundi ujenzi wanne, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi, wanabishana mpira. Niliona raha. Wewe uliniambia asubuhi huli kitu hadi saa nane mchana "kama Wazungu". Wazungu gani?

Sasa soko. Jengo lilifunguliwa mwaka 1928, la matofali, vioo na chuma, na juu ya kuba lake kuna kasuku wa kuonyesha upepo. Kwa nje utadhani msikiti, kwa ndani utadhani stesheni. Lina vizimba mamia. Liingie kabla ya saa tano, kwa sababu saa tisa alasiri wanafunga, na Jumapili halifunguliwi kabisa. Hilo la Jumapili ndilo lililonifanya niwe mdaiwa, nitalifikia.

Nilipita kwanza miguu ya nguruwe inayoning'inia safu kwa safu, nikashika mtandio puani, si kwa harufu, kwa mazoea. Kisha nikasikia harufu ninayoijua. Nikaifuata kama mbwa. Meza nzima ya samaki mkavu wa chumvi, wanamwita bacalao, vipande vyeupe vimesimamishwa kama vigae. Mwanangu, ni kama papa wetu mkavu yule, kasoro tu hawamweki nazi. Upande wa samaki wabichi una kuba lake. Kule nilikuta mikunga hai, inajisokota kwenye beseni, ya kutoka ziwa la Albufera kusini ya mji. Muuzaji aliuchota mmoja kwa mkono mtupu akanielekezea nimshike, wanawake wakacheka. Nilimshika. Na konokono pia wapo, wanauzwa kwenye nyavu ndogo kama vitunguu, wengine wameshapanda hadi juu ya mizani.

Kwenye viungo nikawa mwanafunzi. Nilikuwa nasoma vibao kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Azafrán: zafarani. Azúcar: sukari. Aceitunas: zeituni. Mwarabu kawapa wao, katupa na sisi. Hata lile neno lenu la kuagana, hasta luego, hilo hasta ni "hata" yetu, wamelichukua kwa Mwarabu yuleyule. Unakaa nalo mdomoni kila siku.

Huko kwenye viungo na karanga ndiko aliko mdai wangu. Lakini ngoja kwanza nikwambie la wali.

Usiku ule wa kwanza ulinipeleka kula kwenye kiwanja cha watalii, mwenye mgahawa kaweka picha za chakula nje kwenye ubao. Ulitumia fedha nyingi, Mungu akulipe. Lakini wali ule ulikuwa wa jana, na umanjano wake ulikuwa wa rangi ya unga. Nilipofuta mdomo kitambaa kikawa kama cha kupikia bajia. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unanitazama kwa furaha. Baadaye ndiyo nikajua kwamba wenyewe hawali paella usiku. Ni chakula cha mchana, na chenyewe ni cha Jumapili.

Ijumaa nikaenda Ruzafa. Jina lake tu ni la Kiarabu, maana yake ilikuwa bustani, na hadi leo wana wa Morocco wana maduka huko. Nikatoa salamu bucha ya halali, nikaitikiwa, nikaonyesha kuku, nikakatiwa. Sokoni nilikuwa nimeshanunua mchele wa bomba, mfupi, mviringo, na maharage mapana meupe wanayoyaita garrofó. Nikarudi kwako nikaanza kukaanga kitunguu.

Mlango ukagongwa. Ni yule bibi wa chini, mwenye mbwa mweupe, unayemwita mkorofi. Harufu imemfikia. Akaingia bila kukaribishwa, akachungulia sufuria, akashika kichwa. Kitunguu! Alikiondoa chote. Akashuka, akarudi na kikaango chake, kipana kama ungo, kifupi, kina mashikio mawili, kimekuwa cheusi kwa umri. Hicho kikaango ndicho kinachoitwa paella. Chakula kimepewa jina la chombo. Hatukuelewana neno hata moja. Kuku akakaangwa kwa mafuta ya zeituni hadi akawa mwekundu, yakaingia maharage mabichi na yale mapana, nyanya ikakunwa, zafarani, maji. Mchele mwisho, akaunyunyiza kwa msalaba, nami nikasema bismillahi kimoyomoyo. Nilipochukua mwiko nikoroge, alinipiga mkono. Kweli kabisa, alinipiga. Mchele ukishaingia haukorogwi.

Dakika za mwisho akapandisha moto, akainamisha sikio juu ya kikaango. Akanivuta nami nisikilize. Ulikuwa unalia, mchele, kama mvua ya mbali juu ya bati. Akazima. Alipochokonoa chini kwa kijiko, ukatoka mwembamba, wa kahawia, unang'aa mafuta. Akasema socarrat. Nikasema ukoko. Akajaribu: "Ukoko." Tukala palepale jikoni, moja kwa moja kutoka kwenye kikaango, kila mtu na upande wake.

Nilikuwekea wako. Uliurudia saa nne usiku, ukaula umesimama, jicho kwenye simu, ukasema "mtamu, mama". Wewe uliyekuwa ukipigania ukoko na dada yako hadi sufuria ikatoboka! Hukujua umekula nini. Mteremkie bibi yule umwambie neno hilo moja, uone.

La ndago ulikuwepo, kwa hiyo sitalirefusha. Lakini bado linanichekesha. Jumapili ile, kutoka kwako hadi Alboraia, mashamba matupu pande zote, mifereji ile ya wazee wa Alhamisi inapita kando ya njia, na wewe unanionyesha kwa fahari shamba la chufa. Nikachuma kijani kilichobaki pembezoni nikakitazama. Ndago! Au tuseme ndugu yake wa tumbo moja. Miaka arobaini nimevunja jembe kuing'oa, nikiamini ni laana, na kumbe kuna watu wanaipanda kwa mistari, wanaichimba majira ya baridi, wanaikausha miezi, wanailoweka, wanaisaga, wanaikamua maziwa. Horchata ilikuwa baridi hadi meno yakauma, na ile mikate myepesi ya kuchovya niliimaliza yote. Nilipomsimulia baba yako alikaa kimya muda, kisha akauliza bei yake kwa kilo.

Basi deni. Ilikuwa Jumamosi, saa nane imepita, wanaanza kuosha sakafu. Nilitaka karanga zao za mtaani, zenye ganda lililobanwa katikati kama limevaa mkufu, na zafarani kidogo kwa ajili ya shangazi yako. Jumla euro tano na senti themanini. Mkobani nimebakiwa na noti ya tano. Nikaanza kurudisha karanga, akaukamata mkono wangu. Akanifungia zote. Akaonyesha saa ya ukutani, akasema mañana, kesho. Nikamwekea nadhiri kwa kidole kifuani. Ndio kwanza natoka nje nikakumbuka kesho ni Jumapili, na Jumatatu ndege yangu ni alfajiri.

Na mlango unaotokea umekabili La Lonja, lile jengo walilokuwa wakiuziana hariri, lililoanza kujengwa mwaka 1482. Nilikuwa nimeingia Alhamisi. Nguzo zake zimesokotwa kama kamba ya nanga, zinapanda juu zikafunguka kama minazi. Kuzunguka ukuta wote kuna maandishi ya Kilatini kwa herufi za dhahabu, nikayapiga picha, mdogo wako akanitafsiria. Yanawaambia wenyeji kwamba biashara ni njema kama ulimi hauna hila, kama mtu akimwapia jirani yake anatimiza, na kama hakopeshi kwa riba. Mfanyabiashara wa hivyo, yanasema, atatajirika na mwisho atapata uzima wa milele. Nilisimama mbele ya jengo hilo na pakiti ya karanga isiyolipiwa. Nilijiona kama mtoto aliyeitwa mbele ya gwaride.

Kizimba chake: ingia mlango unaotazamana na Lonja, nyoosha, njia ya tatu mkono wa kushoto, jirani yake anauza zeituni kwenye mapipa. Ni mnene kidogo, mvi amezikata fupi, miwani ameitundika kifuani kwa uzi mwekundu. Mimi hatanijua kwa picha. Atakijua kikapu, alikigusa-gusa, akakigeuza kuangalia msuko wa chini. Nimekiacha nyuma ya mlango wako, najua kilikuwa kinakutia aibu kwenye tramu. Beba hichohicho. Senti themanini ziwe mkononi kabla hujamsalimia, na kikapu akikitaka mwachie, mimi nitasuka kingine.

Mama yako